Abbé: Jina la Baba na Deni Lake

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia



Wapendwa viongozi wa walei, wajumbe wa Haki na Amani, watawa, na ninyi nyote mliosafiri kutoka vigango vya mbali,

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika tumezoea kuwasikia ndugu zetu wa Burundi na Kongo wakimwita padri kwa jina ambalo halimo vinywani mwetu. Wanamwita Monsieur l'Abbé. Siku moja, baada ya Misa, mzee mmoja wa jumuiya alituuliza: "Baba, hili jina Abe ni cheo, au ni kabila la mapadri?" Watu walicheka. Tulimjibu kwa haraka kwamba ni Kifaransa tu, maana yake padri, tukaenda zetu. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jembamba mno, na mzee alistahili zaidi. Leo tunapenda kulilipa deni hilo mbele yenu.

Pengine mtauliza: neno la Kifaransa linahusu nini Haki na Amani? Linahusu sana. Kila jina la heshima hubeba mamlaka ndani yake, na penye mamlaka ndipo haki hutendwa au huvunjwa. Historia ya neno hili moja inatuonyesha jinsi jina la upendo linavyoweza kugeuka kuwa jina la mali, kisha likarudi kuwa jina la utumishi, kisha likatumika kuficha maovu. Tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

1. Neno lilikotoka

Abbé halikuzaliwa Ufaransa. Asili yake ni Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu Yesu Kristo nyumbani Nazareti. Katika Kiaramu, Abba ni baba. Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiaramu, kina neno ab, nasi watu wa Kiswahili tunalisikia kila siku katika majina kama Abubakari. Wagiriki walilipokea neno la Kiaramu wakasema abbas, Walatini nao wakafanya vivyo hivyo, na kutoka Kilatini likaingia katika vinywa vya Wafaransa hadi likawa abbé. Waitalia wakasema abate, nalo ndilo neno tunalolitumia sisi tunapomtaja mkuu wa abasia kama zile za Peramiho, Ndanda na Hanga. Kwa hiyo abbé na abate ni ndugu wa tumbo moja.

Wafaransa wanalo pia neno jingine la baba, yaani père, ambalo limetokana na pater la Kilatini. Neno hilo lina ndugu yake katika Kiswahili: ni padri, tulilolipata kwa Wareno waliofika pwani yetu kuanzia mwaka 1498. Mnaona basi kwamba mnapotuita padri mnatuita baba kwa Kireno, na jirani zetu wanapotuita abbé wanatuita baba kwa Kiaramu. Hakuna njia ya kulikwepa neno baba.

Agano Jipya limelihifadhi neno Aba katika mahali patatu: katika sala ya Yesu bustanini Gethsemani (Mk 14:36), na katika nyaraka mbili za Mtume Paulo (Rum 8:15, Gal 4:6). Katika mahali pote patatu neno hilo linaelekezwa kwa Mungu peke yake. Wahubiri wengi, na sisi tukiwemo, tumezoea kusema kwamba Aba ni neno la mtoto mchanga anayejifunza kusema. Wazo hilo lilienea kwa sababu ya kazi za mtaalamu Mjerumani Joachim Jeremias. Lakini mwaka 1988 mtaalamu mwingine, James Barr, alionyesha kwamba neno hilo lilitumiwa na watu wazima pia walipozungumza na baba zao. Basi Aba si neno la kitoto tu. Ni neno la mtu mzima anayemtegemea baba yake, akijua anachokisema. Tulishike jambo hili, kwa maana litatufaa mwishoni: kumwita mtu baba hakukulazimishi kubaki mtoto mchanga.

2. Baba wa jangwani

Je, jina lililoelekezwa kwa Mungu lilifikaje kwa wanadamu? Lilipitia Afrika. Katika karne ya nne, wanaume na wanawake wengi wa Misri waliiacha miji wakaenda jangwani kusali, kufunga na kufanya kazi za mikono. Wale waliokomaa katika roho walifuatwa na vijana waliotaka kuelekezwa, nao vijana wakawaita Abba. Wanawake waliokomaa waliitwa Amma, yaani mama, kama Amma Sinkletika na Amma Sara. Hata leo Wakristo wa Ethiopia humwita mmonaki au padri Abba.

Angalieni vizuri jina lile lilivyopatikana. Halikutolewa na ofisi, wala halikuambatana na mshahara au shamba. Wengi wa mababa wale hawakuwa mapadri. Mtu aliitwa baba kwa sababu wengine walipata uzima kwa maneno yake na kwa mfano wake. Wahenga wetu wamesema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mmoja wao alikuwa Abba Musa, Mwafrika mweusi, ambaye kabla ya kuongoka alikuwa mnyang'anyi. Inasimuliwa kwamba ndugu mmoja alikosa, na wazee wakaitisha baraza la kumhukumu. Musa alipoitwa alikawia. Mwishowe alikuja amebeba mtungi unaovuja, maji yakimwagika nyuma yake njia nzima. Walipomwuliza maana yake, alijibu kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake naye hazioni, na bado ameitwa kuhukumu za mwenzake. Huyo ndiye baba wa jangwani: mtu anayejua kwamba mtungi wake unavuja.

3. Baba wa monasteri

Katika karne ya sita Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake huko Italia. Alimpa abate mamlaka makubwa, akafundisha kwamba katika monasteri yeye anashika nafasi ya Kristo na ndiyo maana anaitwa kwa jina la baba. Lakini tusome ukurasa mzima, tusiishie mstari tunaoupenda. Sura ya pili inamwonya abate kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa kila roho aliyokabidhiwa. Sura ya tatu inamtaka awakusanye ndugu wote kila linapotokea jambo zito, na asikilize hata walio wadogo, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Sura ya 64 inamtaka achaguliwe na jumuiya, atafute kuwafaa watu kuliko kuwatawala, na kupendwa kuliko kuogopwa.

Jina la baba, basi, lilizungushiwa ukuta wa pande tatu: hesabu, ushauri, na uchaguzi. Ukuta huo ulipobomolewa, yakatokea yale tutakayoyaona sasa.

4. Jina lilipogeuka kuwa mali

Abasia za Ufaransa zilikuwa tajiri. Watu walizipa mashamba, misitu na mitambo ya kusagia nafaka, na mkuu wa abasia akawa bwana mkubwa wa nchi. Mwaka 1516 Papa Leo wa Kumi na Mfalme Fransisi wa Kwanza walifanya mapatano ya Bologna, na tangu hapo mfalme ndiye aliyewateua maaskofu na maabate wengi wa nchi yake. Ikaenea desturi ya kumkabidhi mtu abasia ili ale mapato yake bila kuishi ndani yake, bila kusali na wamonaki, na pengine bila kuiona hata mara moja. Kardinali Richelieu na Kardinali Mazarin, mawaziri wakuu wa mfalme, wote wawili waliitwa maabate wa Cluny, na walikuwa na abasia nyingine pia. Wamonaki walibaki na paa linalovuja, na maskini wa mlangoni walibaki na makombo.

Kadiri vyeo hivyo vilivyotamaniwa, ndivyo vijana wengi walivyovaa vazi la kikleri wakingoja wapewe chochote. Wengine hawakupata kamwe upadri, lakini kwa heshima watu waliwaita wote abbé. Hivyo katika karne ya 17 na ya 18 jina la baba lilisikika katika kumbi za matajiri likiwataja watu ambao hawakuwa wamemlea yeyote. Baadaye jina hilo likabaki kwa kila padri wa jimbo, na ndivyo lilivyo hadi leo katika Kifaransa: padri wa jimbo ni abbé, na padri wa shirika ni père.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789. Tarehe 2 Novemba mwaka huo huo mali ya Kanisa iliwekwa mikononi mwa taifa. Dhuluma nyingi zilitendwa katika mapinduzi yale, na mapadri na watawa wengi waliuawa. Hatuyasifu hayo. Lakini tukiwa watu wa haki, tukiri pia kwamba baba aliyekula bila kulea alikuwa amewazoeza watu kumdharau kabla hawajamshambulia.

5. Waliolilipia jina hilo

Hata katika miaka ile mibaya walikuwapo waliostahili jina lao. Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa mwaka 1712, aliwafungulia viziwi shule huko Paris, akawafundisha bila malipo. Wakati ambapo wengi waliona kwamba kiziwi hafundishiki, yeye alijifunza ishara zao, akafundisha kwa ishara. Baba huyu alianza kwa kujifunza lugha ya watoto wake.

Mwingine ni Abbé Henri Grégoire, paroko wa kijiji cha Emberménil. Alipoingia bungeni aliwatetea Wayahudi wapewe haki za uraia, nao walipewa mwaka 1791. Aliwatetea pia Waafrika waliokuwa watumwa katika visiwa vya Ufaransa huko Karibi. Bunge lilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794. Napoleon aliurudisha mwaka 1802, na Grégoire hakunyamaza: mwaka 1808 alitoa kitabu cha kuonyesha akili na vipaji vya watu weusi, dhidi ya wale waliotukana ubinadamu wao. Utumwa ulifutwa tena mwaka 1848, yeye akiwa ameshafariki.

Hata hivyo mtungi wa Grégoire nao ulivuja. Mwaka ule ule wa 1794 aliandika ripoti akitaka lugha za wenyeji wa mikoa ya Ufaransa zifutwe, watu wote waseme Kifaransa tu. Alimpenda mnyonge, lakini alidhani anajua kuliko mama yake ni lugha gani mtoto aimbiwe usiku. Baba mwema anaweza kukosea hapo, na kosa hilo tutaliona tena barani kwetu.

6. Jina lilipovuka bahari

Wamisionari waliotumia Kifaransa walipofika katika nchi za Maziwa Makuu, walikuja na majina yote mawili. Wao, kwa kuwa walikuwa watu wa shirika, waliitwa Pères. Waafrika wa kwanza waliopata upadri wa jimbo waliitwa Abbés. Mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa daraja ya upadri, wa kwanza katika Kongo, na mwaka huo huo Balthazar Gafuku na Donat Reberaho walipadrishwa Kabgayi, Rwanda. Abbé Alexis Kagame wa Rwanda, aliyefariki mwaka 1981, alikusanya mapokeo na mashairi ya watu wake na kuyachambua kwa kalamu ya msomi.

Katika sheria ya Kanisa tofauti ya majina hayo ilikuwa ya kawaida tu. Lakini katika macho ya watu, kwa miaka mingi, Père alikuwa Mzungu na Abbé alikuwa Mwafrika, na haikuwa vigumu kuona ni nani aliyeketi kwenye kiti cha mkubwa. Serikali za kikoloni nazo zilipenda kujiita baba wa wenyeji. Waliwahesabu watu wazima kuwa watoto, kisha wakatumia utoto huo waliouzua wenyewe kuwa sababu ya kuwanyima haki zao.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyofanyika Roma mwaka 1994, ilituachia mfano mzuri wa Kanisa kama Familia ya Mungu. Tunaupenda mfano huo, na ni wetu. Lakini familia zipo za namna nyingi. Ipo familia ambamo baba anakula na watoto, anasikiliza na kujibu anapoulizwa. Na ipo ambamo baba akikohoa watu wanakimbia, na nyama iko kwenye sahani yake tu. Tunaposema Kanisa ni familia, tuseme pia ni familia ya namna gani.

7. Jeraha ambalo hatuwezi kuliruka

Wapendwa, tungependa kuishia hapo, lakini haki haituruhusu.

Katika karne ya 20, abbé aliyejulikana kuliko wote alikuwa Abbé Pierre, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Henri Grouès. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwasaidia Wayahudi kutoroka. Mwaka 1949 alianzisha jumuiya za Emmaüs, ambamo watu wasio na makao waliishi na kufanya kazi. Tarehe 1 Februari 1954, katikati ya baridi kali, alitoa mwito redioni baada ya mwanamke mmoja kufa kwa baridi barabarani Paris, akiwa na hati ya kufukuzwa katika nyumba. Taifa zima lilishtuka na kutoa. Alipofariki mwaka 2007 wengi walimwona kuwa mtakatifu.

Julai 2024, Emmaüs yenyewe na mfuko uliobeba jina lake walitangaza ripoti waliyokuwa wameiagiza, yenye shuhuda za wanawake saba waliosema aliwadhulumu kijinsia. Katika miezi iliyofuata zilitokea shuhuda nyingine nyingi. Ilibainika pia kwamba baadhi ya maaskofu walikuwa na habari tangu miaka ya 1950. Mfuko ule umeacha kutumia jina lake. Miaka mitatu kabla, Oktoba 2021, tume huru iliyoombwa na maaskofu wa Ufaransa ilikuwa imekadiria kwamba watoto wapatao 216,000 walidhulumiwa na mapadri na watawa kati ya mwaka 1950 na 2020.

Tusikimbilie kusema hayo ni ya Ulaya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tujiulize: kwa nini walionyamaza walinyamaza? Kwa sababu alikuwa baba, na kazi yake kwa maskini ilikuwa ya kweli. Walidhani kwamba wakilinda jina wanalinda na maskini. Kumbe waliodhulumiwa nao walikuwa maskini, maskini kuliko wote, kwa kuwa hawakuwa na wa kumwambia. Huruma ya Abba Musa isigeuzwe blanketi la kuwafunika wenye nguvu. Yeye alimhurumia aliyekuwa amesimama peke yake mbele ya baraza. Leo anayesimama peke yake ni yule aliyeumizwa.

8. Tufanye nini?

Je, tuache kuitana baba? Bwana wetu aliwaonya wanafunzi wake wasimwite mtu wa duniani baba, kwa kuwa Baba yao ni mmoja (Mt 23:9). Kanisa halikulichukua onyo hilo kuwa marufuku ya sauti ya neno, maana Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba aliwazaa kwa Injili (1Kor 4:15). Lakini onyo linabaki palepale: hakuna mwanadamu anayemiliki jina hili. Tumeazimwa, na kitu cha kuazima hurudishwa kikiwa safi.

Sinodi ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria wengine haki anapaswa kwanza kuonekana mwenye haki machoni pao. Basi tuanzie nyumbani, na tuanze na yale ambayo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imekwisha kutupa. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya sadaka walizotoa. Kanuni ya 212 inatambua haki ya waamini, na mara nyingine wajibu wao, kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima. Mlei anayeuliza fedha za paa zimefikia wapi hajamvunjia baba heshima. Anamsaidia awe baba. Na tangu mwaka 2019, kwa barua ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, padri au mtawa anayepata habari za udhalimu wa kijinsia anabanwa na sheria kuzitoa kwa wakubwa wa Kanisa, na mlei naye anaweza kuzitoa, bila kuacha yale yanayodaiwa na sheria ya nchi.

Kwa upande wetu mapadri, tunakiri mbele yenu kwamba tumelipenda jina kuliko deni lake. Tumekaa viti vya mbele kwa urahisi kuliko tulivyokaa na wagonjwa. Wakati mwingine tumejibu swali la haki kwa kukunja uso, tukajua kwamba hakuna atakayeuliza tena. Tunaomba mtusamehe, na tunaomba msituache katika hali hiyo kwa kunyamaza. Mzee yule aliyeuliza kama Abe ni cheo au kabila alitufundisha. Sasa tunaweza kumjibu: Mzee wetu, si cheo wala si kabila. Ni neno alilolisema Yesu usiku ule bustanini, alipokuwa hana kitu mkononi. Anayeitwa hivyo na akumbuke lilikotoka.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu ni nani anayeitwa baba au mama kwa sababu amewalea watu, ingawa hana cheo chochote? Tunamsikiliza kwa kiasi gani?

2. Je, kamati ya fedha ya parokia yetu ipo na inakutana? Hesabu za sadaka zilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya waamini wote?

3. Mtoto au mwanamke akidhulumiwa na mtu mwenye heshima, awe padri, katekista, mwalimu au baba wa nyumba, atamwambia nani hapa kwetu? Je, analijua jina la mtu huyo leo?

4. Katika nyumba zetu wenyewe, baba anaulizwa swali na kujibu, au anaogopwa tu?

Mungu, aliye Baba wa wote, awabariki.